Paka Aitaye kwa Mkono: Bahati ya Wajapani na Riziki ya Muumini



Ameingia mgeni katika baadhi ya maduka yetu. Ni sanamu ya paka, aghalabu ya rangi ya dhahabu, ameketi kitako huku akitabasamu. Mkono mmoja ameuinua, nao wapunga mchana kutwa kwa nguvu ya betri au ya mwanga wa jua. Mahali pake ni juu ya meza ya duka, karibu na sanduku la pesa, na wanaomuuza humwita "paka wa Kichina wa bahati".

Akina mama kadhaa wamenijia baada ya darasa wakiniuliza habari zake. Katika nyumba moja jambo hili limekwisha kuwa ugomvi. Mume amemweka paka dukani akisema ni pambo tu. Mama yake asema ni shetani, avunjwe leo kabla ya kesho. Mke amebaki katikati, asijue amridhishe mumewe au mavyaa yake. Naye mtoto wa miaka sita alilia apewe paka wake amchezee. Mavyaa na mkazamwana sasa hawasemezani isipokuwa kwa lazima, na sababu ni kipande cha plastiki.

Wanazuoni wametufundisha kuwa kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Mwenye kuhukumu asichokijua ni kama arushaye jiwe gizani. Kwa hiyo, kabla ya kutaja lifaalo na lisilofaa, natumjue kwanza paka huyu: kwao ni wapi, na watu waliomwanzisha wasema nini juu yake. Tutaona kwamba wao wenyewe wana hekima ambayo wauzaji hawakututajia.

Jina lake na kwao

Kwanza tumrudishe kwao. Asili yake si China, ni Japani. Viwanda vya China ndivyo vimtengenezavyo kwa wingi kwa plastiki, na Wachina walipompenda wakamweka katika maduka na hoteli zao kila walikohamia, watu wakadhani ni wao. Kwa Kijapani huitwa maneki-neko. Neko ni paka, na maneki latokana na neno la kumwita au kumwalika mtu kwa mkono. Jina lake kamili basi ni "paka aitaye".

Wazungu wengi wakimwona hudhani apunga mkono wa kwaheri, kwa sababu kwao mtu huitwa kwa kukielekeza kiganja juu. Mjapani akimwita mwenziwe hukielekeza kiganja chini, kisha vidole hukunjwa na kukunjuliwa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa, maana ndivyo tumwitavyo mtoto aliye upande wa pili wa uwanja. Kwa ajili ya wanunuzi wa Marekani walitengenezwa hata paka waliogeuziwa mkono, mgongo wake ukawa mbele, wakashikishwa na sarafu ya dola ili mambo yaeleweke.

Kila kiungo cha sanamu hii kimepewa maana. Mkono wa kulia ukiinuliwa, husemwa kuwa waita pesa. Ukiinuliwa wa kushoto, waita wageni na wateja. Kadiri mkono ulivyo juu, ndivyo uitavyo kutoka mbali. Wapo walioinuliwa mikono yote miwili, walakini Wajapani wengine hawawapendi hao. Wasema kutaka yote kwa pamoja ni tamaa, na tena mwenye mikono miwili juu afanana na mtu aliyeshindwa akasalimu amri.

Rangi nazo zina maneno yake. Wa dhahabu ni wa mali. Mweusi ni wa kufukuza shari. Mwekundu ni wa kukinga maradhi. Anayependwa kuliko wote ni wa rangi tatu: mweupe mwenye mabaka meusi na ya hudhurungi. Mabaharia wa Kijapani walimthamini sana paka dume wa rangi hizo, wakiamini kuwa humwokoa baharia na dhoruba. Dume wa namna hiyo ni nadra mno, kwa kuwa mchanganyiko huo wa rangi hurithiwa kwa njia iwapatayo majike, na dume huupata kwa tukio la ajabu la maumbile. Hivyo thamani yake ilitokana na uhaba wake, kama ilivyo desturi ya wanadamu.

Shingoni ana ukanda mwekundu na njuga. Hiyo ni kumbukumbu ya zama ambapo paka alikuwa mnyama wa matajiri. Mabibi wa majumba makubwa humvisha ukanda na njuga ili asipotee, na akipotea asikike alipo.

Na mkononi, mara nyingi, ameshika koban. Hiyo ilikuwa sarafu ya dhahabu yenye umbo la yai, iliyotumika zama za Edo, yaani tangu mwaka 1603 hadi 1868. Koban ya kweli ilikuwa na thamani ya ryo moja. Ile ya paka imeandikwa ryo milioni kumi! Sarafu ya thamani hiyo haikupata kuwako duniani. La ajabu zaidi ni kuwa Wajapani wana methali isemayo "koban kwa paka", na maana yake ni kumpa kitu cha thamani asiyejua thamani yake, kama sisi tusemavyo kumpigia mbuzi gita. Basi watu hao hao waliosema paka hajui dhahabu ndio waliomshikisha dhahabu mkononi. Mwenye akili na azingatie.

Visa vya asili yake

Yasimuliwa mengi juu ya mwanzo wa sanamu hii. Nitataja visa viwili vilivyo mashuhuri zaidi.

Cha kwanza ni cha hekalu la Gotokuji, lililoko Setagaya katika jiji la Tokyo. Wasimulia kwamba mwanzoni mwa karne ya 17 hekalu lile lilikuwa fukara sana. Mtawa wake alikuwa na paka, naye humgawia chakula chake kidogo. Siku moja bwana mkubwa mmoja alikuwa akipita na watu wake juu ya farasi. Paka ameketi langoni, akainua mkono kama awaitaye. Wakastaajabu, wakaingia. Punde mbingu zikafunga, radi ikapiga na mvua kubwa ikashuka, ilhali wao wamo ndani wakinywa chai na kumsikiliza mtawa. Bwana yule alikuwa Ii Naotaka, mtawala wa Hikone. Hisani ile hakuisahau. Mwaka 1633 hekalu likawa la ukoo wake, likapewa ardhi na mali, na watu wa ukoo huo wakawa wakizikwa hapo. Naotaka alifariki mwaka 1659, na jina Gotokuji latokana na jina alilopewa kwa dini yao baada ya kufa kwake.

Kisa cha pili ni cha bibi kizee wa mtaa wa Imado, karibu na Asakusa, katika jiji hilo hilo lilipokuwa likiitwa Edo. Umaskini ulimzidi hata akashindwa kumlisha paka wake, akaachana naye kwa machozi. Usiku akamwota paka akimwambia: "Finyanga sanamu yangu kwa udongo, nawe utapata kheri." Bibi akafinyanga, akaenda akauza karibu na lango la hekalu, watu wakazipenda, akajikimu. Kama ndoto ilikuwapo au haikuwapo, yajulikana kuwa Imado palikuwa mtaa wa wafinyanzi, na mwaka 1852 mchoraji mashuhuri Utagawa Hiroshige alichora picha ya mtaa wenye watu wengi, na ndani yake mna kibanda cha muuza paka wa udongo. Hiyo ni miongoni mwa shahidi za zamani zaidi tulizonazo za biashara hii.

Tangu hapo paka akaenea. Leo mji wa Tokoname, katika mkoa wa Aichi, wajulikana kwa kuwafinyanga. Yule paka mnene mwenye macho makubwa na koban mkononi, tumjuaye sote, ni mtindo wa wafinyanzi wa huko. Mjini mwao wamejenga kichwa cha paka chenye urefu wa mita 3.8 na upana wa mita 6.3, kikichungulia barabara kutoka juu ya ukuta. Wameweka hata siku yake, tarehe 29 Septemba, kwa sababu tarakimu za siku hiyo zikisomwa kwa namna fulani kwa Kijapani hutoa maneno yenye maana ya "kheri, njoo".

Kwa nini paka?

Msomaji atauliza: katika wanyama wote, kwa nini achaguliwe paka? Jibu halimo katika uchawi. Limo ghalani.

Wakulima wengi wa Japani waliishi kwa mpunga na kwa kufuga viwavi vya hariri. Adui wa vyote viwili ni panya, maana hula nafaka na hula viwavi pia. Usiku mmoja wa panya waweza kuitia familia hasara ya msimu mzima. Nyumba yenye paka mwindaji ilibaki na mpunga wake na hariri yake, na jirani asiye na paka akaona na kusema, "Wale wana bahati." Habari hii ilikuwa na uzito hata kwa serikali: mwaka 1602 ilitolewa amri katika mji wa Kyoto kwamba paka wasifungwe kamba, waachwe huru wakamate panya. Wafuga viwavi wasiokuwa na paka walitundika hata picha za paka wakitaraji panya waogope.

Hapo ndipo tuonapo jinsi mambo yageukavyo. Paka hai alikuwa sababu ya kweli ya kuhifadhi riziki, kwa kazi yake na kucha zake. Baadaye ikawekwa picha yake. Kisha ikawekwa sanamu yake dukani, mahali pasipokuwa na mpunga wala viwavi. Mwisho ikatiwa betri. Kazi iliondoka, umbo likabaki, na watu wakalitumainia umbo. Akina mama, tabia hii si ya Wajapani peke yao. Ni maradhi ya wanadamu wote.

Paka asiye na sarafu

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Katika hekalu lile la Gotokuji, wageni hununua sanamu ndogo za paka, na akiona haja yake imetimia, mtu huirudisha sanamu hekaluni na kuiacha. Ziko nyingi ajabu, zimepangwa safu kwa safu, kubwa na ndogo, zote nyeupe zenye ukanda mwekundu na njuga. Walakini mwenye kutazama vyema ataona kwamba paka hao hawakushika sarafu. Mkono mmoja umeinuliwa, na mwingine ni mtupu.

Wenyewe hekaluni wameeleza sababu. Wasema paka haleti mali. Alichokileta ni makutano tu, yaani kumleta mgeni hadi langoni. Yaliyofuata yalikuwa juu ya mtawa: vipi amkaribishe, amweleze nini, na ashukuru namna gani. Lau mtawa angekuwa mkavu wa uso na mchoyo wa chai, bwana yule angengoja mvua ikatike akaenda zake, na hekalu lingebaki fukara na paka wake.

Tazameni basi. Wafuasi wa dini isiyo yetu, mahali penye kisa kikongwe cha sanamu hii, wakataa kumshikisha paka pesa. Wasema atakayeipata kheri ni yule aliye tayari kuipokea kwa vitendo vyema. Na visa vyote viwili vyaanza mahali pamoja: maskini amhurumia mnyama. Mtawa aligawa chakula chake, bibi kizee alilia kwa kushindwa kumlisha paka wake, kisha akatumia mikono yake mwenyewe kufinyanga udongo. Hakuna hata mmoja aliyenunua sanamu akakaa kitako akingoja.

Na sisi je?

Sisi Waislamu twasonga mbele zaidi ya hapo, kwa kuwa twamjua atoaye. Riziki i mkononi mwa Mwenyezi Mungu peke yake. Hakuna kilichoinuliwa mkono kikamwitia, wala kilichofumba mkono kikamzuia. Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuvaa na kutundika vitu kwa kuvitegemea kuwa vyaleta kheri au vyazuia shari, akakataza pia kufuata mikosi. Alichokipenda ni fali njema, yaani neno zuri limpalo mtu matumaini kwa Mola wake. Na kwa upande wa sanamu za viumbe wenye roho, hadithi mashuhuri zimekuja kukataza kuziweka majumbani, na ndivyo walivyofunza masheikh wetu wa pwani kizazi baada ya kizazi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Paka huyu asiwekwe dukani wala nyumbani kwa kutarajiwa kuleta wateja; hilo ni la itikadi na halina mzaha. Na mwenye kusema ni pambo tu, ajiulize kwa nini pambo hilo limewekwa karibu na sanduku la pesa na si karibu na dirisha. Akilipata jibu la kweli moyoni mwake, ataliondoa bila kuamriwa na mtu.

Walakini, mama yetu mzee, si shetani. Ni plastiki na betri. Kukiogopa kitu kisichodhuru ni ndugu wa kukitumainia kitu kisichonufaisha. Wote wawili wampa kitu nguvu asiyokuwa nayo. Mwambie mwanao kwa upole, kwa maana neno la mama lililotulia humfika mtoto hata akiwa na mvi. Nawe mkazamwana, usiwe katikati ya wawili kama kuni katikati ya mafiga. Chagua saa ambayo mume ametulia, zungumza naye faraghani, usimwaibishe mbele ya wateja wake wala mbele ya mama yake. Kisha nenda kwa mavyaa yako uanze wewe salamu. Paka atatoka dukani kwa dakika moja, bali chuki ikiingia nyumbani haitoki kwa mwaka.

Wala tusiwacheke Wajapani. Kabla ya kumcheka mwenye paka mezani, tutazame mikono ya watoto wetu wachanga. Wangapi wamefungwa uzi mweusi? Wangapi wana fundo la mvuje shingoni, au doa la wanja pajini kwa hofu ya kijicho? Wafanyabiashara wangapi wana kitu kilichozikwa chini ya kizingiti, wakakilipia fedha ambayo ingetosha kuongeza bidhaa dukani? Kuhusu hirizi ya aya za Qur'ani wanazuoni wana maneno marefu, na wamehitilafiana. Lakini juu ya nyuzi na mafundo, tofauti yetu na mwenye paka ni umbo tu.

Muuza duka atakaye wateja, mlango wake u wazi. Wazee walisema biashara haigombi. Mizani iwe sawa, kitambaa chenye kasoro kionyeshwe kasoro yake, mteja asalimiwe hata akiondoka bila kununua, na duka lifunguliwe mapema. Walisema pia mgaagaa na upwa hali wali mkavu: atembeaye ufukweni hakosi kitoweo, na aliyelala hata bahari ikijaa samaki haimfai kitu. Huko ndiko kutawakali kwa kweli, mtu kufanya sababu kwa mikono yake kisha moyo ukamtegemea Mola.

Na mtoto anayelilia paka? Mumpatie paka hai. Mji wetu wa Lamu wasifika kwa paka wake, na hakuna mtaa wa pwani ulio na uhaba wa vitoto vya paka. Swahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa, na akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika watuzungukao majumbani. Swahaba mwingine tumjuaye sote, Abu Huraira, lakabu yake yatokana na kitoto cha paka alichokipenda. Na tumeonywa habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Mtoto afunzwe kumpa maji, kumbakishia kichwa cha samaki, na kutomvuta mkia. Paka huyo hatainua mkono kuita pesa. Atakamata panya, na atamfunza mtoto huruma. Na nyumba yenye huruma ndiyo itarajiwayo baraka.

Mwenyezi Mungu azisafishe itikadi zetu, azipatanishe nyumba zetu, na aturuzuku riziki ya halali yenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq.